Motokaa Iliyokunywa Kombe

"Halisemi! Wallahi, Mastura, halisemi! Baba yako kazungusha ufunguo mara kumi, kimya tu kama maiti!"

Ndivyo Mboni alivyoingia chumbani, buibui bega moja, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mboni ni shoga yake Mastura tangu wote wawili wana vipengo, na habari ikimfika haiwezi kukaa tumboni mwake hata muda wa kuvua kiatu cha pili.

Mastura alikuwa mkekani, miguu imenyooshwa, hina ya jana imeshika vizuri, nyeusi ti. Angekuwa bibi harusi mwingine angecheka.

"Sema polepole. Shangazi yuko ukumbini."

"Gari, shoga yangu! Gari la kukupeleka Pangani! Limekohoa mara mbili likanyamaza. Na yule Bwana Idarusi kakaa barazani, hasemi neno, anazungusha fimbo yake tu. Bora angetukana tukajua moja."

Mastura alifurahi. Tusimfiche, alifurahi, lakini furaha yenyewe haikufika hata kooni. Nyuma yake ilikuja hofu. Maana gari lile halikuugua lenyewe. Yeye ndiye aliyelinywesha.

Jamani, ngojeni niwapangie mambo yenyewe. Mastura binti Miraji, wa hapa hapa Ngamiani, Tanga, alikuwa amemaliza chuo cha ualimu mwaka ule, wa kwanza katika mtaa wao. Baba yake, Bwana Miraji, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge la Mgiriki mmoja, na Mgiriki alipofunga safari ya kwao alimwachia gari lake, kuukuu, la kabla ya vita, jeusi, macho yametoka kama kaa. Baba mtu alilipenda kuliko kitu chochote baada ya bintiye. Alilifunika kwa shuka uani, akalitoa Ijumaa kwa Ijumaa.

Posa ilipokuja kutoka Pangani, kwa Sadalla mwenye minazi, baba alisema ndiyo kabla kahawa haijapoa. Mtaa mzima ulikuwa unajua ya Sadalla. Mke wa kwanza alitoka nyumbani kwake kwa jeneza. Wa pili alirudishwa kwao Tongoni akiwa mzima wa mwili, ila hasemi. Mwaka wa tatu sasa, hata maji haombi, anaonyesha kwa kidole. Na harusi yenyewe ikawa ya ajabu: bibi harusi apelekwe Pangani kabla hajaozwa, akaozwe hukohuko, ati mama yake Sadalla hainuki kitandani na anataka ashuhudie kwa macho yake. Aliyeleta maneno hayo ni Bwana Idarusi, mjomba wa bwana harusi, mtu mwembamba, kanzu yake haina hata kunyanzi moja.

Halafu Shangazi Mwatumu akaikamata barua aliyoandikiwa Mastura. Barua haikuwa na jina, ilikuwa na herufi moja tu chini, E, na alama ya dole gumba lenye grisi, na ilinuka petroli mpaka shangazi akaisogeza mbali na taa. Shangazi hakupiga kelele. Alikwenda kwa mwalimu, akarudi na kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, chupa tatu za maji ya manjano. Chupa moja kila magharibi, siku tatu, moyo utoke kwa huyo E uende kwa Sadalla.

"Kanywe, mwanangu," alisema kila magharibi. "Kanywe ufunikwe na baraka."

Kunywa, Mastura hakutaka. Kumwaga, hakuthubutu. Yale ni maneno ya Mungu, hayamwagwi chini yakakanyagwa, chooni ndiyo hasha, na kisimani watu watano wanateka. Alifikiria kulitia kwenye chungu cha wali, akaona nyumba nzima itampenda Sadalla, na baba yake alikuwa ameshampenda ya kutosha. Ndipo akaliona gari. Lina mdomo wenye kifuniko, hapapiti nyayo za mtu. Siku tatu, chupa tatu, kifuniko akakifunga na bismillahi juu. Chuoni walimfundisha hesabu na jiografia. Petroli hawakumfundisha.

"Na kubwa sijakwambia," Mboni alisema, akakaa mkekani kwa kishindo. "Fundi kaitwa. Kutoka Mabawa. Hizi pampu za umeme mji mzima anazijua mmoja tu."

"Nani?"

"Unaniuliza mimi? Wako, shoga! Eliudi wako yuko uani kwenu, anamwamkia baba yako!"

Dirisha la chumba lilitazama uani, na pua ya gari ilikuwa imeelekea dirishani, hatua mbili tu. Mastura alisimama nyuma ya pazia. Alimwona. Shati la kaki, mikono imekunjwa mpaka kwenye kiwiko, kile kikovu chake cha kidevuni. Alikuwa Mbondei wa Muheza, mwana wa misheni, hakuwa na dini ya nyumba ile wala minazi, na alipoinama kwenye boneti Mastura alisahau kwamba anaogopa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Niokoe. Adhuhuri iwe imetukuta njiani."

"Zungusha ufunguo tu, mzee, stata usiguse."

Bwana Miraji alizungusha. Kimya.

"Hapo ilitakiwa tusikie tik-tik-tik," Eliudi alisema. "Ndiyo pampu inavuta petroli kutoka tangini. Ikishaijaza kabureta inanyamaza. Hii imenyamaza kabla ya kazi."

Akachomoa waya wa pampu, akaugusisha kwenye chuma. Cheche ikaruka.

"Umeme unafika. Ugonjwa umo ndani yake yenyewe." Akaurudisha, akaigonga pampu kidogo kwa mpini wa bisibisi. Tik. Tik. Kisha kimya tena.

"Gonga tena." Sauti ilitoka mlango wa uani. Bwana Idarusi alikuwa amesimama pale, na hakuna aliyemsikia akija.

"Kuigonga ni kuibembeleza tu, bwana. Itakwenda maili kumi, ikufie katikati ya mikonge."

"Basi usiibembeleze," Bwana Idarusi alisema taratibu. "Ipasue."

Eliudi akafungua kofia ya pampu. Ndani mna vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, platini, vilikuwa vimeungua vyeusi. Akavisugua kwa msasa, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi. Ufunguo ukazungushwa. Tiktiktiktiktik!

"Alhamdulillahi!" Bwana Miraji akapiga kofi.

"Bado, mzee." Eliudi alikuwa ameinamisha sikio. Pampu haikupunguza mwendo, iliendelea tu, mbio mbio, kama mtu anayehema. "Inavuta, haipati. Na asubuhi yote imevuta hivi, ndiyo maana platini zimeungua. Kuna kitu kimeziba. Naomba bilauri, nikinge kilichomo kwenye chujio."

Bwana Miraji akaingia ndani kutafuta bilauri. Bwana Idarusi akaitwa barazani kwa kahawa, na ndipo uani pakabaki fundi, gari na dirisha.

"Eliudi."

Hakugeuka. "Usiniite jina."

"Sema limekufa."

"Halijafa."

"Sema tu! Nani atajua?"

"Nikisema limekufa yule mzee atakwenda kukodi gari sokoni, na utapelekwa vilevile, na dereva simjui."

"Kwa hiyo wewe unanitengenezea gari la kunipeleka kwa mwanamume mwingine. Ahsante, fundi. Na matairi uyajaze upepo, nisirushwerushwe njiani."

Bisibisi ilimponyoka. Aliinama kuiokota, na alipoinuka macho yao yakakutana kupitia nondo, mara ya kwanza baada ya miezi miwili. Alikuwa amekonda.

"Nimekuandikia barua nne, Mastura. Umejibu moja."

"Sikuwahi kupata nne! Ya mwisho kaikamata shangazi."

"Na hiyo moja uliniambia ningoje. Ningoje nini? Nije nilishwe pilau?"

"Ungoje nipate kituo cha kufundisha, niwe na mshahara wangu, nisimame mbele ya baba nikiwa mtu! Wewe unadhani ni rahisi? Wewe mama yako alisema nini uliponitaja?"

Eliudi aliifuta bisibisi kwa kitambaa. "Alisema nitafute mtu wa kanisani. Hajanipikia tangu Pasaka."

Mastura alitaka kucheka, yakatoka machozi. "Eliudi, sikiliza. Humo tangini kuna kitu nimekitia."

Mkono wake ukasimama juu ya pampu. "Kitu gani?"

Hatua. Baba alikuwa anarudi na bilauri, na nyuma yake Shangazi Mwatumu, na nyuma ya shangazi ile fimbo, ko, ko, ko. Mastura akarudi nyuma ya pazia, na Mboni akamshika mkono kwa nguvu mpaka ukamuuma.

Eliudi alilegeza nati chini ya pampu, akatoa chujio, akakinga bilauri. Kikatoka kitu kwa matone, kisha kwa mchuruziko. Akainyanyua bilauri juani. Juu ilikaa petroli, nyepesi. Chini, yamejitenga kabisa, vidole viwili vya maji, manjano ya kukoza, kama mchuzi wa harusini.

Akainusa. Mastura alimwona anainusa. Alimwona anaelewa, maana macho yake yalitaka kwenda dirishani na akayazuia kwa nguvu, kama mtu anayemshika mbwa shingoni.

"Ni maji, mzee," alisema. "Maji ni mazito, yanakaa chini ya tangi, na pampu inavuta kutoka chini. Huenda mvua za juzi."

"Mvua," Bwana Idarusi alisema. Akaichukua bilauri mkononi mwake. "Mvua ya Tanga siku hizi inanukia waridi?"

Akaizungusha bilauri mbele ya pua yake.

"Gari hili lilikwenda gereji lini, Bwana Miraji?"

"Wiki iliyopita. Kwa huyu huyu."

"Kwa huyu huyu." Akarudia kama anaonja. "Mtu anatia maji ya dawa kwenye gari la bibi harusi. Lisimame wapi? Katikati ya mikonge, pasipo mtu, na sisi wazee wawili na wanawake wawili. Kule kwetu, fundi, mtu wa namna hiyo hatumpeleki polisi. Polisi ni mbali."

"Sijatia kitu, bwana."

"Basi nani?"

Eliudi akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, na hapo Mastura akajua kwamba atakubali. Aliliona neno lenyewe likija. Atasema ni yeye, na yule mzee wa kanzu iliyonyooka atatabasamu, na Eliudi hataonekana tena Mabawa.

"Kama ni lazima awe mtu," Eliudi alianza, "basi—"

"Ni mimi!"

Pazia lilivutwa mpaka kijiti chake kikaanguka. Bibi harusi alisimama dirishani, kichwa wazi, nondo kifuani.

"Ni mimi niliyemimina. Ni kombe. Chupa zote tatu."

Shangazi Mwatumu akakaa chini palepale, juu ya ndoo. "Hukunywa?"

"Sikunywa."

"Hata tone? Siku tatu, Mastura? Nilikutazama ukirudi na chupa tupu, nikakubusu kwenye paji!"

"Nisamehe, shangazi. Sikuweza kulimwaga chini."

Mboni, ambaye hakuwahi kunyamaza hata msibani, alifungua mdomo akaufunga. Bwana Miraji alikuwa ameweka mkono juu ya boneti, kama gari ndilo linalohitaji kushikwa lisianguke.

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza. Si kwa ukali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi.

Lakini Bwana Idarusi hakumtazama Mastura wala baba. Aliinama, akaokota kitambaa kilichomdondoka fundi, akakinusa. Akatazama alama za vidole kwenye bilauri, dole gumba jeusi la grisi, limekaa wazi kabisa juu ya kioo.

"Bi Mwatumu," alisema, "ile barua uliyonionyesha. Ilinuka nini?"

Shangazi aliziba uso kwa upande wa kanga.

"Jina lako nani, fundi?"

Eliudi aliweka bisibisi juu ya boneti.

"Eliudi," alijibu. Alimgeukia baba. "Mimi ndiye, mzee. Nilitaka kuja kwa mlango wa mbele. Nilikuwa sijapata njia."

Bwana Miraji alimtazama kijana aliyekuwa amemkabidhi gari lake kwa mwaka mzima, akimsifu kwa kila mtu msikitini. "Ondoka kwangu," alisema, na sauti ilikuwa haina nguvu.

"Hapana, hapana." Bwana Idarusi aliinua kiganja. Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, na Mastura alitamani arudi kununa. "Kwa nini aondoke? Pampu ikisimama njiani nani ataigonga? Aendeshe yeye. Atupeleke mpaka mlangoni. Sadalla atapenda sana kumwona."

"Bwana Idarusi, kijana huyu—"

"Neno lako, Bwana Miraji. Ulitoa neno mbele ya watu saba."

Na baba, jamani, baba aliyemsomesha bintiye wakati mtaa mzima unamcheka, aliinamisha kichwa. "Nililitoa," alisema.

"Usiende!" Mastura alipiga kelele dirishani. "Eliudi, usiende, hujui watu hawa! Mke wa pili wa Sadalla walimfanya nini? Bwana Idarusi, mwambie! Kwa nini hasemi?"

Bwana Idarusi alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei ya nazi. "Alikuwa na maneno mengi," alisema. Akarudi barazani kumalizia kahawa yake.

Eliudi hakusema atakwenda wala hatakwenda. Alirudi kazini. Alilala chini ya gari akafungua tangi, maji yakamwagika kwenye beseni safi, maana shangazi alilia kwamba yasiguse ardhi, na Eliudi, Mkristo wa misheni, aliyakinga mpaka tone la mwisho, akalifunika beseni na kulikabidhi kwa mikono miwili. Shangazi alilipokea, akamtazama muda mrefu, hakumtukana.

Chujio likasafishwa, petroli mpya ikatiwa. Kisha akasema kwa sauti ya watu wote, "Mzee, waya wa pampu umechunika, utagusa chuma ututie motoni. Naupitisha mwingine kwa ndani."

"Fanya upesi," Bwana Miraji alijibu bila kugeuka.

Akaingia ndani ya gari na waya mwekundu, akakaa humo muda. Alipotoka alizungusha ufunguo. Tiktiktiktik... tik... tik. Ikashiba, ikanyamaza. Stata ikaguguna na gari likaunguruma, likatetemeka uani kama mnyama aliyeamshwa. Mastura hakuwahi kuchukia sauti kama ile.

Walimtoa saa tano na nusu. Buibui, ushungi, hina, na udi uliomnyong'onyeza kichwa. Majirani walisimama milangoni, hakuna aliyepiga kigelegele, mmoja alianza akaachia katikati. Bwana Idarusi alikwishakaa mbele. Shangazi na baba walikuwa wanafunga mlango wa nyumba. Eliudi alimfungulia mlango wa nyuma, macho chini, kama dereva wa kukodi.

"Kiti cha kushoto, bibi," alisema. Kisha akainama kama anayeinua upindo wa buibui usibanwe, na maneno yakaja chini kabisa, hayakufika hata kwenye kioo. "Waya umepita chini ya mkeka, miguuni kwako. Nimeufunga kwa kidole tu. Ukiona hutaki kufika, vuta. Gari litakwenda kidogo kwa petroli iliyobaki, halafu litakufa, na hakuna atakayeliamsha ila mimi."

"Na wewe? Watakufanya nini likifa?"

"Hilo niachie mimi. Sikutengenezi gari la kukupeleka, Mastura. Nakuachia wewe useme wapi lisimame."

Akanyooka, akafunga mlango. Mastura alikaa, viatu akavivua taratibu. Vidole vya miguu, vya hina, vikapapasa mkeka, na kweli, kilikuwepo, kiuzi kigumu, chembamba, kinapita chini ya wayo wake. Mbele yake ilikuwa shingo ya Bwana Idarusi, na fimbo imelazwa mapajani, mkono mmoja umeishika na mwingine unakizungusha kichwa cha fimbo. Kikazunguka kweli. Kikatoka kidogo. Ndani ya mti kulikuwa na chuma chenye makali, kinang'aa.

Alikirudisha. Labda alijua ameonwa.

Baba akaingia, shangazi akaingia, Eliudi akashika usukani. Mboni alikimbia mpaka dirishani, miguu mitupu, machozi na kamasi pamoja, akaingiza mkono wote ndani.

"Mastura! Utafanyaje? Niambie! Nitalalaje mie bila kujua?"

Gari lilianza kujongea. Mastura aliubana waya kati ya dole gumba la mguu na kidole cha pili. Tongoni, kwao yule mke asiyesema, ilikuwa maili kumi na kidogo, na kabla yake mikonge, na kabla ya mikonge kona ya mwisho ya mji. Aliushika mkono wa shoga yake mpaka urefu wa mkono ukaisha.

"Usilale basi," alisema, na sauti yake haikutetemeka, jambo ambalo hata yeye lilimshangaza. "Niwekee chai. Kesho nitakuja kukwambia mwenyewe ilivyokuwa, kwa mdomo wangu huu."